Ombi la Kurudishiwa Mke Aliyefutwa Kazi Kwenye Shamba la Mbegu

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Mamlaka ya Mbegu,
Ghorofa ya juu kabisa, ile ambayo lifti haifiki.

Nakala: Meneja wa Kampuni ya Mbegu, ajue kwamba namsema.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KURUDISHIWA MKE WANGU NA SEKTA YA UMMA AU SEKTA BINAFSI, YOYOTE ITAKAYOWAHI

Nikiwa mzima wa mwili na mgonjwa wa nyumba, nakusalimu kwa heshima yote inayostahili kiti chako, meza yako, na yule katibu muhtasi wako ambaye kila nilipokuja aliniambia nirudi kesho. Nimeona niandike, maana barua haichoki kukaa kwenye benchi.

Mimi ni mkulima wa mkataba. Shambani kwangu huzalishwa mbegu chotara ya mahindi, ile inayouzwa madukani kwenye mfuko wenye picha ya mkulima anayecheka. Katika biashara hii wazazi wa mbegu ni wa Serikali, watoto ni wa kampuni, na magugu ni yangu. Sikuwahi kulalamika. Nilisaini mwenyewe, tena saini nikaipa mkia mrefu ili ionekane ya mtu aliyesoma.

Najua kazi hii unaijua kuliko mimi. Ila nimekutana na wakubwa wengi wanaoijua mbegu kwa kuiona kwenye kalenda, kwa hiyo niwie radhi nikieleza kidogo. Kituo cha utafiti cha Serikali kilihangaika miaka na miaka kutafuta mahindi ya aina mbili yanayopatana. Aina moja hupandwa kama dume, nyingine kama jike, mistari kwa mistari katika shamba moja. Sasa hata mahindi ya jike yana mbelewele kichwani, yale maua ya juu yanayomwaga chavua, na ukiyaachia yatajichavusha yenyewe na harusi itakuwa imeharibika kabla bwana harusi hajavaa koti. Kwa hiyo kabla hayajachanua, vibarua hupita wakiyang'oa mbelewele majike yote. Madume hayaguswi, maana hao ndio akina baba. Punje zinazokaa kwenye jike ndizo mbegu chotara, na hiyo ndiyo elimu yote. Ukiwang'oa akina baba, umefunga ukoo.

Wala sisemi mbegu ni mbaya. Mbegu ni nzuri, inazaa vizuri, na mtu akiipanda anashiba. Ninayoyasema ni haya yafuatayo.

1. Usafiri wa mkaguzi. Serikali imetupa mkaguzi ili kampuni isifanye ujanja. Ni mtu mzima, mpole, ana muhuri mkubwa kuliko mfuko wa koti lake, nasi shambani tunamwita Muhuri. Serikali imempa pikipiki, lakini haikumpa mafuta. Basi huja kuikagua kampuni akiwa ndani ya gari la kampuni, chai ya kampuni ikiwa tumboni, ameketi bega kwa bega na afisa wa shamba wa kampuni, bwana mtanashati tunayemwita Tabasamu kwa sababu hata akikuletea habari ya msiba meno yote yako nje. Wakishuka garini huwezi kujua nani anamkagua nani. Dereva naye hajui, nilimuuliza.

2. Vitambaa vyekundu. Hapa ndipo ubia wenu, huu wa Serikali na kampuni, uliponitoa jasho. Siku moja Muhuri alikuja peke yake, sijui mafuta aliyapata wapi, akafunga vitambaa vyekundu mwanzo wa kila mstari wa dume. Nyekundu ni hatari, alisema, maana yake msiguse. Baada ya siku chache Tabasamu naye akaja, akafunga vitambaa vyekundu mwanzo wa kila mstari wa jike. Nyekundu ni haraka, alisema, maana yake ng'oeni upesi. Vitambaa vyote vilikatwa kwenye jora moja, maana muuza vitambaa wetu ni mmoja. Nikawapigia simu wote wawili kuwaambia kwamba shamba zima sasa limevaa nyekundu. Muhuri akasema alama ya Serikali haiondolewi na raia. Tabasamu akasema alama ya kampuni ina hakimiliki. Hakimiliki ya tambara, Ndugu Mkurugenzi! Nilikata simu nikabaki naitazama.

3. Amri. Kiongozi wa vibarua wa kung'oa mbelewele alikuwa mke wangu. Tumeoana siku nyingi. Ana jicho la shamba na mdomo wa sokoni, na akina mama wenzake wanamsikiliza kuliko wanavyosikiliza redio. Asubuhi ya kung'oa alinijia akauliza wafuate kitambaa kipi. Mimi wakati huo nilikuwa naitunga hotuba fupi ya kuwapokea wageni wa ubia, na mtu mwenye hotuba kichwani hapendi maswali. Nikamwambia fuata kitambaa. Akasema kitambaa kipo kila mahali. Nikamwambia basi ng'oa kila mahali. Akanitazama vile anavyonitazama nikitoka nyumbani na shati nimeligeuza ndani nje, akasema, “Baba watoto, hawa wengine ni madume, ujue.” Nikamjibu kwamba wenye vitambaa wamesoma, asijitie kimbelembele. Akasema haya, lakini nimekwambia. Kufikia mchana shamba lote lilikuwa limenyolewa upara, jike na dume, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili za ubia zilikuwa zimetiiwa kikamilifu.

4. Kikao cha dharura pembeni mwa shamba. Hili nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo mke alipopotea.

Gari lilipofika, Tabasamu alifunga mdomo, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Muhuri alishika kiuno. Vibarua wote, akina mama wa mtaani kwetu, wakasogea kusikiliza. Sasa ujue kwamba mkataba wenu una kifungu kitamu sana. Kosa likifanywa na mtu wa familia ya mkulima, hasara yote ni ya mkulima na mkataba unakufa papo hapo. Likifanywa na kibarua, kibarua anafutwa kazi, hasara inajadiliwa kwa ushirikiano, na mkataba unaendelea msimu ujao. Wakauliza nani kaongoza kazi hii. Nikamnyooshea kidole mke wangu. Wakauliza huyu ni nani wako. Akili yangu, ambayo asubuhi ilikuwa imelala, ikaamka ghafla ikiwa na ujanja wa wakili. Nikasema, “Kibarua tu.” Tabasamu akauliza kama namfahamu vizuri. Nikasema namjua kwa sura.

Muhuri, ambaye mke huyohuyo amempakulia chakula mara nyingi na kumfungia kingine cha kwenda nacho, aliinamisha kichwa akaandika, kisha akagonga muhuri. Nami nikamfuta kazi mke wangu mbele za watu, kwa sauti nzito, ili nionekane mtu mwenye msimamo. Akafungua gunia alilojifunga kiunoni, akalikung'uta, akalikunja, akaliweka chini, akaondoka. Akina mama wengine wakaniangalia halafu wakaangalia pembeni. Mimi nilidhani tumeelewana! Nikajisemea moyoni, loo, kumbe mke wangu ni mwigizaji kiasi hiki. Nilipanga jioni tucheke wote wawili mpaka mbavu ziume. Jioni nilicheka peke yangu kidogo, nikaenda jikoni, nikaona jiko limepoa, nikaacha kucheka. Yuko kwa dada yake mpaka leo.

5. Mpaka wa shamba. Kwa mujibu wa kanuni zenu, kibarua aliyefutwa kazi haruhusiwi kukanyaga eneo la mbegu mpaka msimu uishe, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha pande zote mbili. Nyumba yangu imo katikati ya eneo hilo. Mlango wa jikoni unatazamana na mistari ya majike. Kwa hiyo kisheria mke wangu haruhusiwi kuingia jikoni kwake, wala sebuleni, wala chumbani, wala kitandani, mahali ambapo mkataba wenu haupataji kwa jina lakini pamo ndani ya mpaka.

6. Kuzungushwa. Nilianza na Muhuri. Akaniambia kwamba jukumu la umma ni wazazi wa mbegu, nao walitoka mikononi mwa Serikali wakiwa wazima, wana afya na vyeti. Habari za wake ni za sekta binafsi. Nikaenda kampuni. Tabasamu akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akaniambia kampuni inaanzia kwenye kufungasha, na mke hafungashwi. Kitu kisichofungashwa ni cha umma. Nikaenda kituo cha utafiti. Mtafiti mmoja, mama mwungwana sana, alisikiliza mpaka mwisho na akaonyesha huruma ya kweli. Akasema suala langu ni jipya na angependa kulichunguza, ila itachukua misimu kadhaa, na atahitaji wake wengine wa kulinganisha nao. Nikamwambia mama, huyu mmoja tu ameshanimaliza.

Nilipokuwa natoka kampuni kwa mara ya pili, Tabasamu aliniona nimenyong'onyea, akanipiga bega. Unajua, Ndugu Mkurugenzi, mbegu chotara hairudiwi. Ukizipanda tena punje zake, wajukuu hawafanani na babu wala bibi, na hivyo kila msimu mkulima hurudi dukani. Akaniambia nami nifanye hivyohivyo nyumbani: msimu mpya, mbegu mpya. Akacheka. Nilitamani kumrukia. Nikamwambia mimi kwa upande wa mke ni mtu wa mbegu ya zamani, ile unayoitundika juu ya jiko, moshi unaipata, na kila mwaka unaiteremsha ileile kwa mikono miwili. Akasema mbegu hiyo haina soko. Nikamwambia sikuwa naiuza.

7. Hali ya nyumba. Sijui chumvi inakaa wapi. Nimetafuta.

8. Hali yangu. Nitasema wazi, maana barua ya serikali haina macho. Nimemkumbuka. Namkumbuka akigombana na kuku kana kwamba kuku wana akili ya kujibu. Namkumbuka akinikosoa. Zamani nilikuwa naona ananikosoa sana. Sasa nakosea siku nzima na hakuna hata mtu wa kuguna.

9. Hoja yenyewe. Ndugu Mkurugenzi, nimekaa nikafikiri mpaka kichwa kikauma, na nimefikia uamuzi kwamba kisheria mke wangu amepotelea mikononi mwenu. Fuatana nami. Wazazi wa mbegu ni wa umma. Watoto ni wa sekta binafsi. Lakini kati ya wazazi na watoto kuna siku ile moja ya kung'oa, siku ambayo mbegu si ya Serikali tena na bado si ya kampuni. Siku hiyo nani anaishika? Vibarua. Anayesimama kwenye umande kabla jua halijatoka, majani yakimchana uso, akitofautisha baba na mama kwa kuangalia tu, ni yule mwanamke aliyejifunga gunia. Kwenye kalenda yenu hayupo. Kwenye mfuko yupo mkulima anayecheka, ambaye kwa jinsi mikono yake ilivyo laini nina hakika ni karani. Kwenye warsha zenu za ubia, zile za hotelini zenye maji ya chupa, hakuna kiti chake. Basi kama mlimtumia kwa pamoja na mkamfuta kwa pamoja, mmerithi kwa pamoja jukumu la kumrudisha. Hata mtoto wa shule ya msingi anaona.

10. Maombi. Naomba iundwe haraka Kamati ya Pamoja ya Kumrejesha Mke. Mwenyekiti atoke Serikalini, katibu atoke kampuni, na mimi niwe mwalikwa asiye na kura, kama kawaida. Kamati hiyo itoe kibali cha maandishi cha pande zote mbili. Kisha gari la kampuni, likiwa na Muhuri ndani yake kama lilivyozoea, limfuate mke wangu kwa dada yake, limlete hadi mlango wa jikoni. Akishashuka, Muhuri amkague, athibitishe kwamba ni yeye halisi na si wa kufanana, na amgongee cheti. Lebo msimbandike, hapendi kubandikwa vitu.

Ikishindikana, naomba warsha ijayo ya ubia ifanyike nyumbani kwangu badala ya hotelini. Mtapika wenyewe na mtatafuta chumvi wenyewe. Nina imani kwamba kufikia mlo wa pili, umma na binafsi watakuwa wamekubaliana kwa kauli moja kwamba huyu mama arudi.

Na ikishindikana kabisa, basi naomba hatua ya mwisho. Nami nitangazwe kuwa kibarua, nifutwe kazi, nitolewe nje ya mpaka kwa mujibu wa kanuni zenu, ili angalau sheria inipeleke kule kule ilikompeleka yeye. Shamba mtalibeba ninyi wenyewe. Lina upara, ni jepesi.

Nimalizie kwa kuwashukuru kwa mbegu bora. Mistari ya majike bado inatoa ndevu zake kila asubuhi, laini, ikingoja chavua ambayo haitakuja. Nikipita pale huwa natazama chini.

Nisalimie maofisa wote wa ghorofa zote, mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake mvua iliponyesha, katibu muhtasi wako na kesho yake, madereva wa pande zote mbili, na mtafiti yule mwambie bado sina wake wa kulinganisha. Ukimaliza kusoma, tafadhali usiipeleke kwa Muhuri; ataigonga tu.

Wako katika ubia, mpaka nitakapojibiwa,

Mkulima wa Mkataba,
mume wa kibarua aliyetajwa hapo juu.

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, bahasha ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua hapa kwa shemeji, dada wa mke wangu, ambaye nyumba yake iko njiani kuelekea posta. Nilipita makusudi ili mke wangu aisome, aone jinsi ninavyompigania mpaka ghorofa ya juu. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Akaisoma yote, taratibu, kero ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakusema lolote kuhusu vitambaa, wala gari, wala hata kamati, ambayo nilidhani ingemfurahisha. Akaniuliza swali moja tu: umekuja kama nani? Nikasema nimekuja kama mume wako. Akasema mume wake hajamwona tangu siku ile shambani. Akasema si Serikali iliyomnyooshea kidole, wala si kampuni iliyosema inamjua kwa sura. Akasema si mpaka wa shamba unaomzuia kurudi, maana angekuwa anaogopa mipaka angeshaacha kuishi na mimi zamani. Halafu akanirudishia barua, akaendelea na maharage yake, na mimi nikasimama pale na bahasha yangu mkononi sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo naomba kero zote hapo juu zifutwe. Kibali usinipe, kumbe hakikuwa chako cha kutoa. Mahindi hayahusiki, vitambaa navyo vilikuwa vitambaa tu. Nimebakiwa na ombi moja. Naomba Muhuri na Tabasamu waje shambani siku yoyote, hata kwa gari lilelile, wasimame pale pale waliposimama, na akina mama wote wawepo. Karatasi wasije nazo. Mke wangu amesema atakuja kusikiliza akiwa nje ya mpaka, kisha ataamua mwenyewe kama anaingia au anageuza. Najua nikishasema nitakachosema, kifungu chenu kitamu kitanila na mkataba utakuwa umekufa. Uacheni ufe. Maneno yenyewe ni machache: huyu ni mke wangu, alinionya, na amri niliitoa mimi. Nimeyajaribu hapa barazani, shemeji anasema sauti bado ni ndogo.